Jangwa Bila Joto: Ukavu, Baridi na Maana ya Neno "Jangwa" katika Ufundishaji kwa Kiswahili

Ikisiri

Katika mazungumzo ya kila siku, neno jangwa huja na picha ya mchanga, jua kali na joto. Picha hiyo ni sahihi kwa baadhi ya majangwa, lakini si kwa yote. Makala hii inaeleza jiografia na hali ya hewa ya jangwa baridi kwa kutumia mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki, yaani ukanda wa juu wa Mlima Kilimanjaro. Ukanda huo unalinganishwa na Kawempe jijini Kampala, Milima ya Rwenzori na Jangwa la Chalbi. Wilaya ya Lahaul na Spiti nchini India inatumika kuonyesha jinsi watu wachache wanavyoweza kuishi katika mazingira ya aina hiyo. Hoja kuu ni kwamba jangwa hupimwa kwa maji, halipimwi kwa joto, na kwamba ufafanuzi wa neno hili katika kamusi na vitabu vya kiada unapaswa kuanzia hapo.

Maneno muhimu: jangwa baridi, ukavu, Kilimanjaro, Kawempe, istilahi

1.0 Utangulizi

Kawempe ni mojawapo ya divisheni tano za Jiji la Kampala. Iko upande wa kaskazini wa jiji, na Chuo Kikuu cha Makerere kimo ndani ya mipaka yake. Sura ya nchi yake ni ya vilima vilivyotenganishwa na mabonde, na maji ya mabonde hayo huelekea kwenye kinamasi cha Lubigi. Kwa mwaka, Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua, nyingi zikinyesha kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Septemba na Novemba. Wastani wa halijoto ni karibu nyuzi 22 za Selsiasi na haubadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Shida ya mkazi wa Bwaise si kukosa mvua bali ni mvua kuzidi: mifereji hufurika na maji huingia majumbani.

Mwanafunzi anayekulia katika mazingira hayo anapofundishwa kuhusu mvua, ana mvua dirishani. Anapofundishwa kuhusu jangwa, ana neno tu. Hawezi kulisahihisha neno hilo kwa macho yake, kwa hiyo kosa lolote lililomo ndani ya neno huwa kosa katika elimu yake. Hapo ndipo umuhimu wa suala hili kwa mtafiti wa lugha unapoonekana. Jiografia ni somo la mahali, lakini sehemu kubwa ya mahali panapofundishwa hupatikana kwa wanafunzi kupitia maneno pekee.

Suala hili lina uzito zaidi leo. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ingawa jiografia nchini Uganda bado hufundishwa kwa Kiingereza, vifungu vya ufahamu katika somo la Kiswahili huzungumzia ardhi, mvua na mazingira. Upande wa Tanzania, shule za msingi za serikali hutumia Kiswahili kufundishia masomo mengi. Neno likifafanuliwa vibaya, hasara yake haiishii katika nchi moja.

2.0 Jangwa Hupimwa kwa Nini?

Kanuni nyepesi inayotumiwa mara nyingi husema kwamba jangwa ni eneo linalopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Kanuni hiyo inafaa kwa kuanzia, lakini haitoshi. Mvua ya milimita 250 katika nchi ya joto hupotea haraka hewani kwa mvukizo. Kiasi hichohicho katika nchi ya baridi hudumu ardhini kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana uainishaji wa tabianchi uliobuniwa na Wladimir Köppen haukuweka kiwango kimoja cha mvua kwa dunia nzima. Kiwango chake hupanda na kushuka kulingana na halijoto ya mahali. Kwa maneno mengine, jangwa ni uhusiano kati ya maji yanayoingia na maji yanayoweza kupotea. Panapoingia kidogo sana kuliko uwezo wa hewa wa kuyachukua, mwaka baada ya mwaka, pana jangwa.

Katika ufafanuzi huo joto lina nafasi yake, ila ni nafasi ya pili. Linaongeza kasi ya kupotea kwa maji, lakini haliwi sharti la jangwa. Antaktika, bara lililofunikwa na barafu, huhesabiwa na wanajiografia kuwa jangwa kubwa kuliko yote duniani, kwa sababu theluji inayoanguka katika sehemu zake za ndani ni kidogo mno. Jangwa la Gobi, lililo kati ya China na Mongolia, hupita katika majira ya baridi kali yenye halijoto iliyo chini sana ya sifuri. Katika alama za Köppen, jangwa lenye wastani wa halijoto ya mwaka ulio chini ya nyuzi 18 hutengewa kundi lake, mbali na majangwa ya joto.

3.0 Pembe Nne za Afrika Mashariki

Iwapo maji na joto ni vipimo viwili tofauti, basi lazima yawepo mazingira ya aina nne: yenye joto na maji, yenye joto bila maji, yenye baridi na maji, na yenye baridi bila maji. Afrika Mashariki ina mfano wa kila aina.

Kawempe ni mfano wa kwanza: joto la wastani na maji tele. Mfano wa pili ni Jangwa la Chalbi katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Huko joto ni kali, mvua ni haba, na sehemu ya ardhi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka na kuacha chumvi. Hili ndilo jangwa linalolingana na picha ya kawaida ya neno.

Mfano wa tatu ni Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilele chake cha Margherita kina mwinuko wa mita 5,109 na kina barafu, ingawa barafu hiyo imepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20. Rwenzori ni milima ya baridi, lakini si jangwa hata kidogo. Hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo huifunika kwa mawingu siku nyingi za mwaka, na njia za wapanda mlima hupita katika vinamasi vya tope zito hata juu ya mita 3,000.

Mfano wa nne ni Kilimanjaro juu ya mita 4,000. Mwinuko wake unalingana na ule wa Rwenzori ya juu, na baridi yake pia. Kinachotofautiana ni maji. Mahali ambapo mtembeaji wa Rwenzori huzama kwenye tope, mtembeaji wa Kilimanjaro hutimua vumbi. Ulinganisho wa milima hii miwili unatosha kuonyesha kwamba baridi na ukavu ni mambo mawili: baridi ni ileile, lakini ni mlima mmoja tu ulio na jangwa.

4.0 Jangwa la Juu ya Kilimanjaro

4.1 Mwinuko na baridi

Halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila mtu apandapo mita 100. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi pana uwanda mpana wenye umbo la tandiko la farasi, ulio karibu mita 4,400. Tofauti ni mita 3,200, yaani upungufu wa nyuzi zipatazo 19. Ukiondoa nyuzi hizo katika 22 za Kampala, unabakiwa na wastani wa nyuzi 3 hivi. Kwenye kilele cha Kibo, mita 5,895, hesabu hiyohiyo hutoa wastani ulio nyuzi kadhaa chini ya sifuri, jambo linalokubaliana na vipimo vilivyochukuliwa huko. Mwanafunzi wa Kawempe anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na kuifikia baridi ya Kibo bila kuondoka darasani.

4.2 Mahali mvua inapoishia

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na mlima na kulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kwenye msitu wa miteremko ya kusini, ambako kiasi chake hupita milimita 2,000 kwa mwaka katika mwinuko wa takriban mita 2,200. Juu ya msitu mvua hupungua haraka. Kwenye uwanda wa kati ya vilele viwili kiasi huwa chini ya milimita 250, na kileleni ni kidogo zaidi. Mara nyingi mtu aliye juu huona mawingu yakiwa chini yake kama bahari nyeupe, huku yeye akiwa katika hewa kavu na jua tupu.

Ardhi nayo huongeza ukavu. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na udongo wa juu ni majivu na changarawe zinazopitisha maji upesi. Mvua kidogo inayonyesha huzama kabla ya mimea kuifaidi.

4.3 Majira ndani ya siku moja

Katika majangwa baridi ya mbali na ikweta, baridi huja kwa miezi. Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hivyo urefu wa siku haubadiliki sana na tofauti ya halijoto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo. Tofauti kubwa iko kati ya mchana na usiku. Mchana jua huchoma ngozi kwa sababu hewa nyepesi haichuji miale yake vya kutosha. Usiku, kwa kuwa hakuna mawingu wala unyevu wa kuzuia joto lisipotee, maji yaliyomo kwenye udongo huganda na kuunda sindano ndogo za barafu zinazoinua chembe za ardhi. Asubuhi sindano hizo huyeyuka na ardhi hushuka tena. Mzizi wa mche mchanga hung'olewa kidogokidogo na mwendo huo wa kila siku.

Mimea iliyobaki ni ile iliyopata njia ya kujikinga. Dendrosenecio kilimanjari, mmea mkubwa unaofanana na mti, hukunja majani yake usiku kulinda chipukizi la katikati na huacha majani makavu yaning'inie kama vazi kuzunguka shina. Kadiri mtu anavyopanda, hata mimea hiyo hutoweka, na hubaki nyasi chache za mafungu na mawe.

4.4 Barafu isiyo maji

Katika njia ya Marangu, wapanda mlima hulala kituo cha Horombo, mita 3,720, kisha huvuka uwanda kuelekea kituo cha Kibo, mita 4,720. Njiani hupita mahali panapojulikana kuwa ni pa mwisho kuchota maji. Kuanzia hapo maji hubebwa. Wapagazi, ambao mlimani huitwa pia wagumu, huyapeleka hadi kituo cha Kibo pamoja na chakula na mizigo ya wageni. Barafu ya kilele iko juu yao, lakini maji ya kupikia chai yametoka bondeni juu ya bega la mtu. Hakuna maelezo ya jangwa baridi yaliyo wazi kuliko hayo.

Barafu hiyo yenyewe ni habari ya ukavu. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 2 za mraba. Kwa kuwa hewa ya kileleni kwa kawaida huwa chini ya sifuri, watafiti wa barafu wamesisitiza kwamba kupungua huko hakuwezi kuelezwa kwa joto la hewa peke yake. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha miale ya jua. Isipoanguka ya kutosha, barafu ya zamani iliyochafuka kwa vumbi hubaki wazi, hufyonza miale hiyo, na jua huila. Sehemu nyingine hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kwa sababu hewa ni kavu mno. Tabianchi ya Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu zaidi mwishoni mwa karne ya 19, na ongezeko la joto la dunia limezidi kuvuruga unyevu unaoletwa kutoka Bahari ya Hindi.

Ikiwa mwanafunzi amefundishwa kwamba jangwa ni joto, atasoma habari hii na kuelewa jambo moja tu: mlima umepata joto, barafu imeyeyuka. Nusu ya maelezo, yaani njaa ya theluji, itampita.

5.0 Wilaya ya Jangwa Wanamoishi Watu

Juu ya Kilimanjaro hapana makazi ya kudumu. Ili kuona jangwa baridi lenye wakazi, inafaa kutazama Wilaya ya Lahaul na Spiti katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 13,800, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 31,564, yaani wastani wa watu 2 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa kulinganisha, Jiji la Kampala, lenye kilomita za mraba zipatazo 189, lilihesabiwa kuwa na watu milioni 1.5 mwaka 2014, wastani wa watu wapatao 8,000 kwa kilomita moja.

Sababu ya ukavu wa Spiti inafanana na ile ya Kilimanjaro kwa kanuni, ingawa si kwa umbo. Pepo za msimu zinazoleta mvua nyingi India hupanda safu za Himalaya na kumwaga maji upande wa kusini. Nyuma ya safu hizo hubaki kivuli cha mvua. Unyevu mwingi unaofika huja kama theluji ya majira ya baridi. Njia za milimani hufungwa na theluji kwa miezi kadhaa. Upande wa Lahaul ulipata nafuu kubwa Oktoba 2020, lilipofunguliwa handaki la Atal lenye urefu wa kilomita 9 chini ya eneo la Rohtang.

Wakazi hulima shayiri na njegere katika majira mafupi ya joto. Mvua haiwatoshi, hivyo huongoza maji ya theluji na barafu inayoyeyuka hadi mashambani kwa mifereji iitwayo kuhl. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kupata mfano wa ufundi huo: Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro wamechimba mifongo kwa karne nyingi kuleta maji kwenye migomba yao. Tofauti ni chanzo. Maji ya mifongo hutoka hasa kwenye ukanda wa msitu, yale ya Spiti hutoka kwenye theluji na barafu. Watu wachache wa Spiti hawakutawanyika kwa kupenda upweke. Wamekaa pale ambapo mfereji unafika, na kwingine pamebaki patupu. Katika jangwa, idadi ya watu ni kipimo kingine cha maji.

6.0 Neno na Kitu

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, kiongozi wa msafara wake aliuita weupe huo kwa neno moja, baridi. Rebmann alishikilia kuwa ni theluji. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kuamini kwamba theluji inaweza kudumu karibu na ikweta, lakini safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilithibitisha habari hiyo.

Mara nyingi tukio hili husimuliwa kama ushindi wa aliyekuwa na neno sahihi. Linaweza kusomwa kwa namna nyingine. Kiongozi yule hakukosea: alikitaja kitu kwa namna mwili unavyokijua. Cooley, aliyekuwa na neno theluji katika lugha yake, ndiye aliyepotea, kwa kuwa alikuwa amelifunga neno hilo kwenye nchi fulani za dunia na kukataa kulifungua. Kulifunga jangwa kwenye joto ni kosa la jamii hiyohiyo.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno kwa mada hii. Theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda. Jalidi, au sakitu, ni umande ulioganda juu ya ardhi na mimea. Nyika ni pori kavu lenye miti na vichaka, kama lilivyo eneo kubwa la Karamoja, na halipaswi kuitwa jangwa kwa sababu tu mvua imekosekana msimu mmoja. Kinachohitajika ni mpangilio. Inafaa jangwa lifafanuliwe kuwa eneo lenye uhaba wa kudumu wa maji kiasi cha kuruhusu mimea michache tu au kutoruhusu kabisa. Kisha aina zifuate: jangwa joto, kama Chalbi, jangwa baridi, kama Spiti na Gobi, na jangwa la mlimani, kama uwanda wa juu wa Kilimanjaro. Aina hii ya mwisho inastahili jina lake, kwani kwa vigezo vya Köppen mahali ambapo hata mwezi wenye joto zaidi haufikii wastani wa nyuzi 10 huingizwa katika kundi la tundra, ilhali wanaikolojia, wakitazama ukavu na mimea, hupaita jangwa. Mwalimu anayejua tofauti hiyo hatashangaa vitabu viwili vikitofautiana.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba baridi na ukavu ni vipimo viwili, na kwamba Afrika Mashariki yenyewe ina mifano ya kutosha kuvitenganisha. Rwenzori na Kilimanjaro, milima inayokaribiana kwa mwinuko na baridi, zimetofautiana kwa maji, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa jangwa upande mmoja na kinamasi upande mwingine. Inapendekezwa kwamba wahariri wa kamusi na waandishi wa vitabu vya kiada waanze ufafanuzi wa jangwa kwa maji, waweke joto na baridi kama sifa za aina zake, na watumie mifano ya kanda hii kabla ya kwenda Sahara. Mwanafunzi wa Kawempe, anayeyajua maji kwa jinsi yanavyozidi, anaweza kulielewa jangwa vizuri ikiwa ataambiwa tangu mwanzo kwamba ni habari ya maji yaleyale, mahali yasipofika.